Daftari la Miamala

Watu wakizungumzia bekapu husifu nakala. Uliza ofisi yoyote data zake zimehifadhiwaje, utaonyeshwa diski, kanda, siku hizi na akaunti ya wingu, na utaambiwa nakala hutolewa kila usiku. Mimi ninatunza kanzidata ya chama cha akiba na mikopo hapa Moshi, na naona sifa hizo zimekwenda pasipo pake. Nakala ya saa nane usiku haimjui mama aliyeweka akiba yake saa nne asubuhi. Seva ikifa adhuhuri, kitakachomrudishia mama huyo fedha zake ni daftari la miamala, ambamo programu huandika kila badiliko kabla ya kuligusa jedwali lenyewe.

Utaratibu huo una wenyewe. Katika miaka ya 1970, kwenye maabara ya IBM huko San Jose, California, Jim Gray na wenzake walikuwa wakijenga kanzidata ya majaribio iliyoitwa System R. Mojawapo ya maswali yaliyowakabili lilikuwa hili: fedha zimeshatoka akaunti moja, hazijaingia ya pili, umeme ukakatika, mashine ikiwaka tena iamini nini? Walitumia njia mbili kwa pamoja. Ya kwanza ilikuwa kuacha ukurasa wa zamani wa data ulivyo mpaka ule mpya uthibitishwe. Ya pili ilikuwa daftari. Mwaka 1981 walichapisha maelezo ya kazi yao, na humo walikiri wazi kwamba njia ya kurasa mbili ililemea mafaili makubwa, na kwamba daftari ndilo la kutegemewa. Nawaheshimu sana kwa kuliandika hilo. Gray alipewa Tuzo ya Turing mwaka 1998. Januari 2007 alitoka San Francisco peke yake kwa mashua, akaenda kumwaga majivu ya mama yake baharini, na hakuonekana tena.

Mwaka 1992 C. Mohan na wenzake, nao wa IBM, walichapisha utaratibu waliouita ARIES. Baada ya ajali, mashine hurudia yote yaliyoandikwa kwenye daftari, hata miamala iliyokatikia njiani, kisha ndipo hufuta ile ambayo haikukamilika. Kanzidata nyingi za leo zimejengwa juu ya mawazo hayo.

Daftari hilo likiunganishwa na nakala ya zamani, unaweza kurudi kwenye saa yoyote uitakayo. Mwenye duka anaielewa kazi hii haraka kuliko mhitimu wa chuo. Akihesabu bidhaa Jumapili usiku, kisha akaandika kila kilichoingia na kilichotoka, Ijumaa anaweza kukuambia kilichokuwa rafuni Jumatano saa sita mchana.

Mifumo ya kulipia kama Oracle ilikuwa na uwezo huo mapema, lakini bei yake haikuwa ya vyama kama chetu. Kwetu mlango ulifunguliwa na PostgreSQL, inayotolewa bure. Ilianza kuandika daftari mwaka 2001, katika toleo la 7.1, lakini daftari lile lilisaidia ajali za umeme tu. Vipande vyake vya zamani vilitumiwa upya na yaliyoandikwa humo yakapotea. Januari 2005 likaja toleo la 8.0, na ndani yake kazi ya Mwingereza Simon Riggs. Kila kipande cha daftari, cha megabaiti 16, kikijaa hupelekwa kuhifadhiwa mahali pengine. Siku ya msiba unapakia nakala ya mwisho, unaiamuru mashine isome daftari, na unaitajia saa ya kusimama. Mtu akifuta jedwali saa 7:05, unasimama saa 7:04. Seva ya pili inayofuata ya kwanza haikuokoi hapo, kwa sababu amri ya kufuta huifikia vilevile. Riggs alifariki katika ajali ya ndege nchini Uingereza Machi 2024.

Thamani ya kazi yake ilionekana pale ilipokosekana. Usiku wa tarehe 31 Januari 2017, seva ya pili ya kanzidata ya GitLab, huduma ya kuhifadhi miradi ya programu, ilichelewa nyuma ya seva kuu, kwa sababu vipande vya daftari ilivyovihitaji vilikwisha kufutwa kabla haijavisoma. Mhandisi akaamua kuisafisha aijaze upya. Amri akaiandika kwenye seva kuu. Alistuka baada ya sekunde moja au mbili, na katika gigabaiti 300 hivi zilibaki kama 4.5. Nakala za kila siku hazikuwepo: programu ya kuzitoa ilikuwa ya toleo 9.2 na kanzidata ya 9.6, na barua pepe za kuonya zilikataliwa njiani. Iliyowaokoa ni picha ya diski aliyoichukua mhandisi huyohuyo saa sita kabla, kwa ajili ya jaribio jingine. Kuinakili kulichukua takriban saa 18. Miradi ipatayo 5,000, maoni kama 5,000 na akaunti 700 hivi za saa hizo zilipotea moja kwa moja. GitLab walieleza yote hadharani, na wameisaidia fani nzima kwa uwazi huo.

Vipande vya daftari vingehifadhiwa kando, seva ya pili ingevisoma na kuifikia ya kwanza bila mtu kufuta chochote.

Wenzangu wa SACCOS, wa zahanati na wa shule, nawaomba mwashe uhifadhi wa daftari wiki hii. Kisha chagueni saa moja ya juzi, mrudishe kanzidata mpaka saa hiyo kwenye mashine nyingine, mlinganishe salio na stakabadhi za siku ile, shilingi kwa shilingi. Kompyuta ya zamani yenye diski ya kutosha inaitosha kazi hiyo.