Mji uliozaliwa na mafuta ya kula

Leo msosi na historia. Ukikaa kijiweni hapa Mtwara utasikia eti mji umeletwa na gesi. Wapi! Umeletwa na mafuta ya kula.

Baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza walikuwa na uhaba wa mafuta, ndo wakaanzisha mradi wa karanga mwaka 1947: Kongwa, Urambo na kwetu huku Nachingwea. Karanga zilihitaji bandari ya kutokea, basi wakapanga mji mpya hapa, Mikindani ya zamani ikabaki pembeni. Wazungu wakajichukulia Shangani, ufukweni. Kichekesho ni kwamba mradi ulifutwa 1951, bandari ikafunguliwa 1954, karanga hamna! Reli ya Nachingwea nayo ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 60.

Ikaja zamu ya gesi ya Mnazi Bay, kule karibu na mdomo wa Ruvuma. Gesti na mabaa yakaota kama uyoga. Mwaka 2013 watu wakakataa bomba la kwenda Dar, zikazuka vurugu, watu wakafa. Bomba likazinduliwa 2015, wageni wakapungua, meza zikabaki tupu.

Ila muuza ming'oko yupo. Mama ntilie wa ugali wa muhogo na samaki yupo. Hao hawakuletwa na mradi wowote. Ukija mradi mwingine, jamani, waulizwe wao kwanza.

Ngoja niwahi pindi.