Hofu Inayoingilia Masikioni

Mwongozaji wa filamu Alfred Hitchcock alikuwa ametoa agizo: mwanamke akiuawa bafuni, pasisikike muziki wowote. Yatoshe maji, mayowe na kisu. Mtunzi wake wa muziki, Bernard Herrmann, hakumtii. Alitunga kipande cha tukio hilo, akamsikilizisha, na Hitchcock akabadili uamuzi. Filamu yenyewe, Psycho, ilitoka mwaka 1960.

Filamu za kutisha hazikutegemea muziki hivyo tangu mwanzo. Dracula ya 1931 hufungua kwa muziki wa Tchaikovsky, kisha sehemu kubwa ya hadithi hupita kimya. Miaka miwili baadaye mtunzi Max Steiner aliijaza King Kong muziki wa okestra, na watengenezaji filamu wakaona jinsi sauti inavyoweza kulipa uhai dubwana la kuundwa.

Katika Psycho, Herrmann alichagua njia ya kubana. Aliacha tarumbeta, filimbi na ngoma, akabaki na ala za nyuzi peke yake, ili muziki ulingane na picha isiyo na rangi. Bafuni, fidla zinakwaruzwa kwa nguvu kwenye sauti za juu kabisa, noti moja ikirudiwarudiwa, kisha nyingine zinaingia chini yake na kugombana nayo. Mtazamaji husikia kama mtu anayepiga mayowe. Kisu chenyewe karibu hakionekani kikigusa ngozi. Mlio wake ulirekodiwa kwa kuchoma tikiti.

Mwongozaji Steven Spielberg alikuwa na shida nyingine: papa wa mitambo wa Jaws, filamu iliyotoka mwaka 1975, aliharibika mara kwa mara katika maji ya chumvi. Mtunzi John Williams alimpa papa huyo noti mbili nzito, zinazoanza polepole na kuongeza kasi. Zikisikika, papa yupo, hata kama bahari ni shwari. Watoto wanapowatisha waogaji kwa pezi la bandia, muziki haupigwi. Mtazamaji akishauamini ukweli huo, papa huibuka ghafla nyuma ya mashua bila noti hata moja, na mtazamaji hana kinga.

Mwongozaji John Carpenter alilipata somo la nguvu ya muziki kwa njia ngumu. Aliionyesha Halloween kwa ofisa mmoja wa kampuni ya filamu kabla ya kuitia muziki, na ofisa huyo hakutishika hata kidogo. Carpenter akaketi kwenye kinanda, akatumia mapigo ya tano kwa nne aliyofundishwa na baba yake kwenye ngoma za bongo. Filamu ilipotoka mwaka 1978, ofisa yuleyule aliisifu. Carpenter amesimulia kwamba alichoongeza ni muziki tu.