Printa ya 3D: inafanyaje kazi, na kwa nini bei yake ilianguka

Wadau, kuna watu wanadhani printa ya 3D unabonyeza tu, kitu kinatoka. Sio hivyo. Ni mashine inayojenga kitu tabaka juu ya tabaka, kama fundi anavyopandisha ukuta kozi kwa kozi. Tofauti ni kwamba kozi yenyewe ni nyembamba balaa, mara nyingi milimita 0.2.

Ile ya kawaida inakula uzi wa plastiki. Uzi unaingia kwenye pua ya chuma yenye joto la nyuzi kama 200, unayeyuka, pua inachora tabaka la kwanza, halafu inapanda kidogo na kuchora la pili. Kitu cha ukubwa wa kikombe kinaweza kuchukua masaa kadhaa. Umeme ukikatika katikati imekula kwako, labda mashine yako iwe ya zile zinazokumbuka zilipoishia.

Plastiki inayotumika sana ni PLA, inatokana na wanga wa mahindi au miwa. Ni rahisi kuprinti lakini inalegea kwenye nyuzi kama 60, kwa hiyo usiiache ndani ya gari juani. ABS inavumilia joto zaidi, ila harufu yake sio ya mchezo, fungua madirisha.

Sasa tuje kwenye bei, hapa ndipo penye stori. Teknolojia hii sio mpya hata kidogo. Mmarekani Chuck Hull alitengeneza kikombe kidogo cha kuoshea macho mwaka 1983, kwa resini inayoganda ikipigwa mwanga wa urujuanimno (ule wa kukagulia noti bandia). Hataza yake ilitoka 1986. Hii ya uzi wa plastiki ni ya Scott Crump, naye Mmarekani. Mwaka 1988 alikuwa anamtengenezea binti yake chura wa kuchezea kwa bunduki ya gundi ya moto, wazo likamjia hapo hapo. Akaomba hataza 1989 na kuanzisha kampuni ya Stratasys.

Hataza maana yake mwingine haruhusiwi kutengeneza na kuuza bila ruhusa yako. Kwa hiyo miaka yote hiyo mashine zilikuwa za makampuni makubwa, bei zake maelfu kwa maelfu ya dola. Mwaka 2005 Adrian Bowyer wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, akaanzisha mradi wa RepRap: printa inayoweza kujiprintia vipuri vyake yenyewe, michoro yote bure kwa yeyote. 2008 mashine ya kwanza ikazaa mwenzake. 2009 hataza ya Crump ikaisha muda, watu wakamiminika sokoni. Leo unapata mpya hata chini ya dola 300, hapo bado usafiri na ushuru. Mimi naona bila hataza kuisha na bila michoro ya bure, sisi tungekuwa tunaziona kwenye picha tu.

Na sio lazima ununue. Mwaka 2013 kule Lomé, Togo, Kodjo Afate Gnikou aliunda printa kwa mabaki ya skana, kompyuta na printa mbovu, kwa gharama iliyotajwa kuwa kama dola 100. Baadhi ya printa za karatasi zinazotupwa zina mota za aina inayohitajika.

Za chuma ni habari nyingine. Leza inayeyusha unga wa chuma tabaka kwa tabaka, na bei zake usiulize. General Electric inatengeneza hivyo ncha za nozeli za mafuta za injini ya ndege ya LEAP: kilichokuwa vipande 20 vya kuunganisha kimekuwa kimoja, uzito umepungua asilimia 25. Boeing 737 MAX zinatumia injini hizo, zikiwemo za Air Tanzania.

Wanaosema viwanda vitakufa wanakuza mambo. Ukitaka vifuniko 10,000 nenda kwenye kiwanda chenye moldi, printa itakuchosha. Tena kitu cha kuprinti ni dhaifu pale tabaka zinapokutana, kivute kwa nguvu kitapasuka hapo. Faida yake ni kwenye kitu kimoja kimoja: gia ya plastiki imevunjika, spea hazitengenezwi tena, mashine nzima inataka kutupwa.

Lakini gia hiyo lazima mtu aichore kwanza, na hapo huhitaji printa. Tinkercad ni bure na inafunguka kwenye brauza, hata hapo kafe ulipo. Ukiizoea hamia FreeCAD, nayo bure. Pima kipuri kwa kalipa, rula ya shule itakudanganya. Ukimaliza toa faili la STL, weka kwenye flashi, peleka kwa mwenye mashine. Kabla hajaanza muulize kitu kilale upande gani, maana hapo ndipo inapoamuliwa meno ya gia yatadumu au yatang'oka siku ya kwanza.

Mliokwisha kuprinti spea ikafanya kazi, semeni hapo chini ilikuwa ya nini na plastiki gani.