Dhahabu ya Kakamega na Ahadi ya Ardhi

Wahenga walisema kwamba ahadi ni deni. Mtu akikopa shilingi kumi kisha akakataa kulipa, jirani zake humjua na kumwepuka. Lakini serikali ikivunja ahadi yake, raia wataishtaki kwa nani? Swali hili liliwafikia watu wa wilaya ya Kavirondo Kaskazini, katika Jimbo la Nyanza, mwaka 1932.

Makao makuu ya wilaya hiyo yalikuwa Kakamega, baada ya kuhamishwa kutoka Mumias mwaka 1920. Ni nchi ya mvua nyingi na udongo mzuri. Wenyeji walilima mahindi, wimbi, mtama na ndizi, wakafuga ng'ombe. Mashamba yao yalikuwa yamesongamana, hasa katika Isukha na Idakho, na kila konde lilikuwa na mwenyewe aliyejua babu zake wamezikwa wapi.

Mambo ya wilaya yalizungumzwa katika Baraza la Wenyeji. Mabaraza ya namna hiyo yaliruhusiwa kwa sheria ya mwaka 1924. Mwenyekiti alikuwa Bwana D.C., naye alikuwa Mzungu. Miongoni mwa wajumbe walikuwamo machifu na wazee wa wilaya. Baraza liliweza kutoza ushuru mdogo juu ya kodi ya serikali, na fedha hizo zikatumika kwa shule, zahanati, njia na mbegu. Maazimio yake hayakuwa na nguvu mpaka wakubwa wa serikali wayakubali. Hata hivyo watu walilithamini, kwa kuwa palikuwa ni mahali ambapo neno la mkulima liliweza kusemwa mbele ya serikali na kuandikwa.

Mwaka 1930 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kulinda ardhi ya Waafrika. Baada ya kuona jinsi walowezi walivyopewa mashamba makubwa, watu walikuwa na hofu, na sheria hii ilikusudiwa kuwatuliza. Ilitamka kwamba ardhi iliyotengwa kwa ajili yao itakuwa yao milele. Ikiwa kipande kingehitajika kwa faida ya wote, Baraza la Wenyeji lingepashwa habari kwanza, na ardhi nyingine ya kadiri hiyo ingetolewa badala yake. Hiyo ndiyo ahadi.

Haukupita muda mrefu kabla ahadi hiyo haijajaribiwa. Mwaka 1931 mlowezi mmoja Mmarekani, L. A. Johnson, alipata dhahabu karibu na Kakamega. Wakati huo bei ya mahindi na kahawa ilikuwa imeanguka ulimwenguni kote, na walowezi wengi walikuwa wamezama katika madeni. Tena mwezi wa Septemba mwaka huo Uingereza iliacha kuifungamanisha sarafu yake na dhahabu, na bei ya dhahabu kwa fedha ya Kiingereza ikapanda. Wazungu wakaja kwa mamia, wakapiga mahema, wakachimba mashimo kando ya mito na katikati ya makonde.

Serikali ilikuwa na njia mbili: kutimiza sheria yake, au kuibadilisha. Ikachagua kuibadilisha. Mwezi wa Desemba 1932 Baraza la Kutunga Sheria mjini Nairobi lilipitisha marekebisho. Tangu hapo ardhi iliyotakiwa kwa uchimbaji iliweza kuondolewa pasipo kutoa ardhi nyingine, fidia ikawa ni fedha, na haikuwa lazima tena kulijulisha Baraza la Wenyeji. Katika chumba kile hapakuwa na Mwafrika hata mmoja. Eliud Mathu, mjumbe wa kwanza Mwafrika, aliingia mwaka 1944.

Fikiri, ewe msomaji, hali ya mjumbe wa Kakamega. Jana aliombwa shauri juu ya njia na mbegu. Leo ardhi yenyewe ambayo njia ilipita juu yake na mbegu zilipandwa ndani yake iliamuliwa bila yeye. Na fedha ya fidia ingemfaa nini mkulima, ikiwa hapakuwa na shamba jingine la kununua?

Watu hawakunyamaza. Kasisi Walter Owen wa Kanisa la Kianglikana, aliyekuwa amekaa Nyanza miaka mingi, alilaumu jambo hilo waziwazi, na mwaka 1933 likajadiliwa katika Bunge la Uingereza. Wenyeji wenyewe walitoa malalamiko yao mbele ya Tume ya Ardhi iliyoongozwa na Sir Morris Carter, wakaunda pia chama cha kutetea ardhi yao. Lakini marekebisho yalikwisha kuwa sheria.

Ni haki kusema kwamba dhahabu haikuwa nyingi kama ilivyotazamiwa. Wachimbaji wengi waliondoka mikono mitupu. Mgodi mkubwa wa Rosterman uliendelea hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, na vijana wengi wa wilaya walipata mshahara migodini. Jembe likabaki kuwa riziki ya Kakamega. Kitu kilichopotea kwa wingi kilikuwa imani, nayo haichimbwi ardhini.

Mabaraza yale yalibadilishwa mwaka 1950 yakawa Mabaraza ya Wilaya ya Waafrika, na baada ya uchaguzi wa mwaka 2013 Kakamega ikapata serikali ya kaunti yenye bunge lake. Wachimbaji wadogo wangali wakitafuta dhahabu katika ardhi ya Idakho na Isukha. Basi kijana atakayekuwa diwani kesho na akumbuke mwaka 1932. Baraza hupimwa siku ile ambayo jambo kubwa linawadia: je, wenye ardhi wameitwa, na je, neno lao limesikiwa kabla ya uamuzi kukatwa?