Chombo Kipya, Ugomvi wa Zamani

Kila kizazi hudhani kwamba ugomvi wake ndio wa kwanza duniani. Siku hizi wakikutana watu watatu wenye kujua kusoma, hauchukui muda mrefu kabla hawajaanza kubishana juu ya maneno. Je, tuseme kompyuta, ngamizi au tarakilishi? Mmoja atalalamika kuwa Kiswahili kinamezwa na Kiingereza. Wa pili atajibu kuwa maneno yanayobuniwa maofisini hayana ladha mdomoni. Wa tatu atawageuzia wote wawili kibao na kuwaambia kuwa suala si lugha, suala ni siasa. Nimekaa katika mabaraza ya namna hiyo kwa miaka mingi, kwanza nikiwa mwalimu, kisha mkuu wa shule, halafu mkufunzi wa chuo cha ualimu, na sasa nikiwa mstaafu mwenye nafasi ya kusikiliza. Nimeona kuwa wa tatu huyo hukaribia ukweli kuliko wenzake, ingawa mara nyingi hajui sababu.

Tukiitazama historia ya lugha yetu tutaona kwamba kila kilipotufikia chombo kipya cha kuandikia au cha kupelekea habari, watu waligombana juu ya herufi na maneno. Lakini chini ya herufi na maneno hayo kulikuwa na swali jingine: ni nani mwenye haki ya kuamua? Nitataja magomvi matatu.

La kwanza ni la hati. Kabla hajafika Mzungu na mashine yake ya kupiga chapa, Kiswahili kilikuwa na maandishi yake kwa herufi za Kiarabu. Utendi wa Tambuka tunao katika nakala ya mwaka wa 1728, iliyoandikwa Pate. Watu wa mwambao waliandikiana barua, wakaandika mikataba ya biashara na wasia, na watoto walizijua herufi hizo tangu chuoni, kwa kusoma Kurani. Hati hiyo ilikuwa na upungufu wake. Kiarabu kina irabu tatu, Kiswahili kina tano. Na sauti zetu kama p, ch, g na v hazikuwa na herufi zake maalumu. Msomaji alilazimika kuyajua maneno kabla ya kuyasoma. Lakini upungufu huo ulikuwa ukishughulikiwa na wenyewe. Mombasa, kabla ya kufariki mwaka wa 1890, Mwalimu Sikujua alikuwa amefanya kazi kubwa ya kuirekebisha hati hiyo ili ilingane na matamshi ya Kiswahili, na mmisionari W. E. Taylor alijifunza mengi kutoka kwake.

Chombo kilichoishinda hati hiyo kilikuwa matbaa. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka wa 1844 na kuanza kukiandika Kiswahili kwa herufi za Kirumi. Miaka ishirini baadaye Edward Steere alifika Unguja, akaanzisha uchapaji katika misheni yake, na mwaka wa 1870 akatoa kitabu chake maarufu cha kufundishia Kiswahili cha Unguja. Risasi za matbaa hizo zilikuwa za herufi za Kirumi, na vitabu vya shule za misheni vikatoka kwa herufi hizo hizo. Wajerumani walipoitawala Tanganyika waliikuta hati ya Kiarabu mikononi mwa makarani na maliwali, wakaitumia kwa muda, kisha wakaiondoa kidogo kidogo. Shule ya serikali ya Tanga ilifundisha herufi za Kirumi na kutoa gazeti lake, Kiongozi, kwa herufi hizo.

Waliotetea mabadiliko hayo walisema herufi za Kirumi ni nyepesi na zinaonyesha irabu zote tano. Hoja hiyo ni ya kweli, wala siibezi. Mimi mwenyewe nimewafundisha watoto kusoma, nami najua thamani ya lugha inayosomwa kama inavyoandikwa. Lakini haikuwa hoja peke yake. Wapo wamisionari na wataalamu wa Kijerumani, akiwamo Carl Meinhof, waliotaka Kiswahili kitenganishwe na Uarabu na Uislamu, na kubadili hati ilikuwa njia mojawapo. Na yako matokeo ambayo vitabu vyetu vya historia huyapita haraka. Mzee wa Pangani au wa Kilwa aliyekuwa akiandika barua zake bila kumwomba mtu msaada, kwa kipimo cha shule mpya akawa hajui kusoma. Elimu yake haikupungua hata chembe. Kilichobadilika ni mezani pa nani elimu hupimwa.

Ugomvi wa pili ni wa lahaja. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walijikuta wakitawala Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja kwa pamoja, na kila mahali vitabu vya shule viliandikwa kwa namna yake. Kuchapa kitabu kimoja mara nne ni gharama. Mkutano uliofanyika Dar es Salaam mwaka wa 1925 ulianza kuzungumzia Kiswahili cha namna moja. Mkutano wa Mombasa wa mwaka wa 1928 uliichagua lahaja ya Unguja mjini iwe msingi. Na tarehe 1 Januari 1930 ikaanza kazi Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, Frederick Johnson akiwa katibu wake. Kamusi iliyotokana na kazi hiyo ilitoka mwaka wa 1939.

Watu wa Mombasa hawakufurahi, na nani angewalaumu? Kimvita na lahaja za kaskazini ndizo zilizobeba sehemu kubwa ya ushairi wa kale. Sasa mtoto wa Mombasa aliyesema mtele na kuteka aliambiwa aandike mchele na kucheka. Wenyeji wa huko pia husikia tofauti kati ya paa wa porini, ambaye p yake hutoka na pumzi, na paa la nyumba, ambayo p yake haina pumzi. Katika tahajia sanifu yote mawili ni paa tu. Mashine ya taipu ya Kiingereza iliweza kuandika kila neno la tahajia hiyo bila kuongezewa hata kituo kimoja. Kwa mpiga chapa hiyo ilikuwa faraja. Kwa mshairi wa Mombasa ilikuwa ni kuambiwa kwamba sikio lake halihesabiwi.

Jambo lililowachoma zaidi ni kwamba wajumbe wa mwanzo wa Kamati walikuwa Wazungu wa idara za elimu na wa misheni. Kitabu cha shule kilipaswa kupata idhini ya Kamati, na mwandishi aliyezaliwa ndani ya lugha aliweza kusahihishwa na mtu aliyejifunza lugha hiyo melini. Lakini lazima tuseme na upande wa pili. Ni Kiswahili hicho sanifu kilichomfikisha Shaaban Robert katika madarasa ya Kigoma na Musoma. Ndicho kilichotumiwa na wapigania uhuru wa Tanganyika kuhutubia mikutano kutoka pwani hadi maziwa bila mkalimani. Chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya urahisi wa mtawala kiligeuzwa na mtawaliwa kuwa silaha yake. Hapo ndipo nilipojifunza kutomwamini mtu anayesema kwamba chombo chenyewe ni kibaya au chenyewe ni kizuri.

Ugomvi wa tatu ni wetu sisi, maana tulikuwa tumekwisha kujitawala. Mwaka wa 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya shughuli za serikali nchini Tanzania, na mwaka huo huo sheria ikaunda Baraza la Kiswahili la Taifa. Maneno yalihitajika upesi, nayo yalipatikana. Siasa ilikuwa fundi hodari wa maneno. Beberu, dume la mbuzi, akawa mtawala wa mataifa ya watu. Kupe akatoka katika sikio la ng'ombe akaingia katika hotuba. Bepari, neno lililotufikia kutoka Bara Hindi likiwa na maana ya mfanyabiashara, likachukua uzito mpya. Mwalimu Nyerere alipofasiri tamthilia ya Shakespeare mwaka wa 1969 aliiita Mabepari wa Venisi, na kila msomaji alielewa lililokusudiwa. Hakuna aliyehitaji kamusi, kwa kuwa maneno hayo yalitoka zizini na sokoni.

Kwa upande wa mitambo mambo yalikuwa magumu zaidi. Kompyuta ya kwanza ya serikali iliwekwa Wizara ya Fedha katikati ya miaka ya 1960. Mwaka wa 1974 serikali ilipiga marufuku kuziingiza nchini ila kwa kibali maalumu, na hali hiyo iliendelea hadi karibu na miaka ya 1990. Televisheni nayo Bara haikuanza mpaka mwaka wa 1994, ingawa Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 1970. Basi tulikaa miaka mingi tukibishana juu ya jina la kitu ambacho wengi wetu hatukuwa tumekiona. Mimi nilikuwa nimepita umri wa miaka arobaini nilipokaa mbele ya kompyuta kwa mara ya kwanza. Neno lililobuniwa kwa ajili ya kitu kisichokuwapo ni kama viatu vilivyoshonwa kabla ya kupima mguu. Vingine vitaenea, vingi vitabana. Chombo kilipofika kwa wingi, Watanzania walisema kompyuta. Tarakilishi ilipata wapenzi zaidi Kenya. Ngamizi imebaki katika kamusi.

Lakini asifikiri mtu kwamba Kiswahili kimeshindwa. Waya wa telegrafu ulipofika Unguja mwaka wa 1879, watu waliuita simu, kwa neno la Kiajemi lenye maana ya waya. Waya ulipoondolewa, wakasema simu ya upepo. Leo watu wana simu ya mkononi isiyo na waya wowote, na jina halijatikisika. Pakua lilikuwa neno la jikoni, la kutoa chakula chunguni na kukitia sahanini. Sasa kijana hupakua picha na nyimbo, na bibi yake akilisikia haoni ajabu. Mtandao umetokana na kutanda. Maneno haya yameshinda kwa sababu yalikuta mizizi tayari, na kwa sababu yalitumiwa na mikono yenye kazi. Hakuna baraza lililoyalazimisha, lakini wala hakuna baraza lililoyazuia.

Sasa nifike kwenye jambo linalonikera. Kubishana juu ya kompyuta na tarakilishi hakumdhuru mtu. Panapodhuru ni darasani. Kwa miaka kadhaa nilikuwa nikiwakagua wanachuo wetu katika mazoezi ya kufundisha kwenye shule za sekondari. Mtoto wa darasa la saba anajifunza kwamba mmea hujitengenezea chakula kwa nuru ya jua, na jambo hilo huitwa usanisinuru. Neno ni refu, nakubali, lakini ndani yake anaiona nuru. Mwaka unaofuata anaingia kidato cha kwanza na kufundishwa jambo lile lile kwa Kiingereza. Nimekaa nyuma ya madarasa hayo nikiwa na daftari langu. Mwalimu kijana anauliza swali, kimya. Analirudia polepole, kimya. Kisha anatazama mlangoni, anateremsha sauti na kuuliza kwa Kiswahili kana kwamba anaiba, na mikono kumi inanyanyuka. Katika fomu yangu palikuwa na nafasi ya kumpunguzia alama kwa kosa hilo. Sikupata kuijaza.

Tume iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka wa 1982 kwamba Kiswahili kianze kufundishia sekondari kuanzia mwaka wa 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Sera ya elimu ya mwaka wa 2014 ilifungua tena mlango, lakini Kiingereza kimeendelea kuwa lugha ya kufundishia sekondari. Hoja za kupinga nimezisikia zote: vitabu hakuna, istilahi hazitoshi, dunia inakwenda kwa Kiingereza. Hoja ya mwisho ina uzito, na mtoto afundishwe Kiingereza vizuri kama somo. Hizo mbili za kwanza hazina. Vitabu havipatikani kabla ya kuhitajiwa, na istilahi haikomai ndani ya kabati. Hatukusubiri neno la telegrafu litimie ndipo tupokee simu.

Mara nyingine nadhani tunapenda kugombana juu ya neno moja moja kwa sababu ni rahisi. Kumcheka aliyebuni ngamizi hakuhitaji bajeti. Kuandika kitabu cha fizikia cha kidato cha pili kwa Kiswahili, na kukichapa, na kumwandaa mwalimu wa kukitumia, kunahitaji fedha na uamuzi, na uamuzi una wenyewe. Wenyewe hao wengi hupeleka watoto wao mahali ambapo swali hili haliwagusi.

Kwa hiyo ninapoulizwa barazani niko upande gani, wa kompyuta au wa tarakilishi, huwajibu wenzangu kwamba mimi niko upande wa ile mikono kumi. Mwalimu atakayeweza kuinyanyua kwa neno la Kiarabu, la Kiajemi, la Kizanaki au la Kiingereza lililovishwa irabu zetu, amenipa neno la Kiswahili. Na neno lililobuniwa kwa ufundi mkubwa, kisha likafungiwa wakati mtoto anakaa kimya, hilo bado halijaanza kazi.