Sikukuu iliyogeuka Krismasi

Ingia soko la Kalerwe, Kampala, wiki ya mwisho ya Desemba, bei ya kuku ikiwa imeshapaa, utasikia neno moja kila kona: Ssekukkulu. Ni neno letu hili hili, sikukuu, lililopanda bara na misafara ya wafanyabiashara wa pwani, kisha wamisionari wa kuanzia 1877. Kiganda kikalibana maana. Kwa Waganda si sikukuu yoyote, ni Krismasi. Idi ina jina lake.

Sahani ya siku hiyo nayo ina asili mbili. Matoke ni ya wenyewe. Luwombo pia: jani changa la mgomba hupitishwa juu ya moto hadi lilegee, hufungiwa kuku na mchuzi wa karanga, kisha hupikwa kwa mvuke. Masimulizi humtaja mpishi wa Kabaka (mfalme) Mwanga kuwa ndiye aliyeuanzisha, mwaka 1887. Lakini kando yake kuna cha pwani: omuceere, yaani mchele, ambao Mganda huuita hivyo hata ukishaiva. Wageni kutoka Mombasa hucheka, bure tu.

Ukialikwa Kampala, usiombe wali. Sema omuceere, utapakuliwa.