Mpini na Ubapa: Visu Viwili vya Babu

Katika sanduku la marehemu shangazi yetu, Riyadh, tulikuta visu viwili na daftari moja. Kisu cha kwanza ni cha kukunja, cha kutiwa mfukoni, chenye chapa ya Joseph Rodgers & Sons wa Sheffield, Uingereza. Cha pili ni jambia lenye ala ya fedha. Vyote vilikuwa vya babu, Mshihiri aliyekuwa na duka katika Mji wa Kale wa Mombasa hadi alipofariki mwaka 1968. Havikuwahi kugawanywa. Shangazi alivihifadhi miaka yote, na alipoondoka duniani ilibidi hatimaye vitiwe bei, kwa kuwa mirathi haigawanywi kwa kukisia.

Tulivipeleka Souq al-Zal, soko kongwe lililo karibu na ngome ya Masmak, ambako huuzwa mazulia, majoho, udi na silaha za kale. Mzee aliyetupokea alilichomoa jambia, akautupia ubapa jicho moja, kisha akaurudisha alani. Aliuelekeza mpini kwenye mwanga wa mlango, akaugeuza polepole, akautazama kwa muda mrefu. Akasema neno moja tu: "Zaraf."

Sisi tulicheka kidogo, kwa sababu tangu utotoni tuliambiwa kwamba mpini ule ni wa pembe ya twiga. Zarafa kwa Kiarabu ni twiga, na hatukuwahi kujiuliza twiga ana pembe gani ya kuweza kuchongwa mpini mnene namna ile. Zaraf ni jina ambalo wafanyabiashara wa majambia huko Yemen, Oman na kusini mwa Saudia wameipa pembe ya kifaru. Kwetu pwani jina lake ni kipusa. Vijana wa leo humwita msichana mrembo kipusa bila kujua chimbuko la neno, lakini maana haijapotea: ni kitu cha thamani kinachotafutwa na wengi.

Bei aliyoitaja mzee kwa jambia ingeweza kununua gari zuri. Kisu cha kukunja alikipa thamani ya jozi chache za viatu: chapa ilikuwa njema, lakini springi ilikuwa imelegea na mpini wake wa pembe ya ndovu umepasuka. Tulipomuuliza kuhusu chuma, alijibu kwa utulivu kwamba chuma ndicho kinachokata, ila mpini ndio unaouzwa.

Maneno hayo yalinirudisha kwenye historia ya pwani yetu. Periplus ya Bahari ya Erithrea, kitabu cha baharia wa Kigiriki cha karne ya kwanza baada ya Masihi, kinaeleza biashara ya Rhapta, bandari ya kale inayodhaniwa ilikuwa katika pwani ya Tanzania ya leo. Wafanyabiashara kutoka Muza, bandari ya Yemen, walileta mikuki, mashoka na visu. Waliondoka na pembe za ndovu, magamba ya kasa na pembe za kifaru. Ubapa ulitoka Arabuni, mpini ukatoka kwetu, na hali hiyo ikaendelea kwa karibu miaka elfu mbili.

Hata kile kisu kidogo cha Sheffield ni cha mkondo huohuo. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, Unguja ilikuwa soko kuu la pembe za ndovu duniani. Zilipimwa kwa frasila, yaani takriban kilo 16, zikasafirishwa Bombay, London na Marekani. Wafua visu wa Sheffield walikuwa wanunuzi wakubwa wa pembe za Afrika, na kampuni ya Rodgers ilisifika kwa ghala lake lililojaa pembe hizo. Katika kiwanda kimoja, kisu chenye mpini wa mbao na chenye mpini wa pembe ya ndovu viliweza kuwa na ubapa uleule, lakini kimoja kikanunuliwa na mkulima na kingine na bwana mkubwa.

Kipusa nacho kina sababu zake za kupendwa. Kwa asili ni dutu ileile ya kucha na nywele zetu. Lakini kikichongwa na kung'arishwa, kisha kikashikwa na mikono ya vizazi kadhaa, hupata rangi ya asali na kupitisha mwanga kidogo ukingoni. Ndiyo maana mzee alikwenda mlangoni. Pembe ya nyati kutoka India haifanyi hivyo. Huwa nyeusi na hufifia. Zaidi ya hayo, kuchonga mpini kunapoteza sehemu kubwa ya pembe. Chenga na unga wake havikutupwa, bali viliuzwa kwa wafanyabiashara wa dawa za Asia ya Mashariki, na hivyo kila pembe ikawa na wateja wawili.

Hata hivyo, uzuri peke yake haupandishi bei. Huko Yemen, kabla ya mapinduzi ya 1962, jambia la kipusa lilikuwa la masharifu, makadhi na masheikh, na watu wa kawaida walivaa mipini ya pembe ya ng'ombe au mbao. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilimalizika mwaka 1970. Kisha, kati ya Oktoba 1973 na Januari 1974, bei ya pipa la mafuta ilipanda kutoka takriban dola 3 hadi karibu 12. Riyadh na Jeddah zikageuka kuwa uwanja wa ujenzi. Mamia ya maelfu ya Wayemeni walivuka mpaka kuja kupiga zege, kuendesha malori na kusimamia maduka, na mishahara yao ikarudi nyumbani. Kijana ambaye baba yake hakuwahi hata kuligusa jambia la sheikh sasa aliweza kujinunulia lake.

Marehemu baba, aliyehamia Jeddah mwaka 1975, aliyaona hayo kwa macho yake. Aliajiriwa katika duka la vifaa vya ujenzi karibu na Bab Makkah, pembeni mwa ule mji wa kale wa nyumba za mawe ya matumbawe zinazomkumbusha kila mtu wa pwani Lamu na Unguja. Alisimulia jinsi waashi walivyokaa jioni wakihesabu riyali: hii ya mahari, hii ya kisima, hii ya jambia la mwanangu. "Mtu hawezi kurudi kwao," alisema, "kiunoni akiwa yuleyule aliyeondoka."

Gharama ya fahari hiyo ililipwa kwetu. Mwaka 1970 Kenya ilikadiriwa kuwa na vifaru wapatao 20,000. Mwishoni mwa miaka ya 1980 hawakufika 400. Esmond Bradley Martin, mtafiti aliyeifuatilia biashara hii kutoka Nairobi hadi Sanaa kwa miongo kadhaa, na aliyeuawa nyumbani kwake Nairobi Februari 2018, alikadiria kwamba Yemen iliingiza tani zaidi ya 60 za kipusa tangu 1970 hadi miaka ya 1990. Kifaru mweusi mmoja hutoa takriban kilo tatu. Na hapa ndipo soko linapokuwa katili: kadiri vifaru walivyopungua, ndivyo bei ilivyopanda, na kadiri bei ilivyopanda, ndivyo wawindaji walivyoongezeka.

Yemen ya Kaskazini ilipiga marufuku uingizaji mwaka 1982, lakini magendo yakaendelea. Mwaka 1992 Mufti wa Yemen alitoa fatwa dhidi ya kuua vifaru kwa ajili ya majambia, na mwaka 1997 Yemen ikajiunga na mkataba wa CITES. Lakini pigo kubwa kwa wanunuzi lilitokea mapema zaidi. Mwaka 1990, kwa sababu ya mgogoro wa Kuwait, Wayemeni wapatao laki nane au zaidi waliondoka Saudia baada ya kufutiwa nafuu walizokuwa nazo za makazi na kazi. Mishahara ilikatika, na wanunuzi wa mipini mipya wakapungua. Majambia ya zamani yaliyokwisha kuchongwa yakazidi kuwa adimu.

Ningependa kuishia hapo, lakini lipo lile daftari. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi habari tunayo. Kurasa za babu zina karafuu, ngozi, magamba ya kasa, na mara mojamoja kipusa, kwa ratili. Kurasa za mwisho, za 1974, si mwandiko wa babu. Ni wa baba. Zina kipusa kitupu, na bei ya mstari wa mwisho ni zaidi ya maradufu ya ule wa kwanza. Chini yake ameandika nauli ya meli hadi Jeddah.

Basi fahari aliyoisimulia, ya waashi na majambia yao, yeye alikuwa ameiuzia pembe kabla hajaja kuitazama. Hakuwahi kutuambia. Simhukumu, wala sitamfichia.

Mmoja wa binamu zangu wa Riyadh alitaka tuuze. Alikuwa na haki ya kutaka. Tangu ada ya wategemezi ilipoanza mwaka 2017, riyali 100 kwa mwezi kwa kila mtu, ikapanda kila mwaka hadi 400 mwaka 2020, hesabu yake ilikataa kukaa sawa, na alikuwa akijiandaa kuwarudisha mke na watoto Mombasa. Jambia lingemtosheleza. Ndugu wa Mombasa na Muscat walitaka kila mmoja alichukue, lakini CITES hairuhusu kipusa kivushwe mpakani bila vibali.

Tuliamua hivi. Kila tawi la ukoo lilitoa mchango, na binamu akapata nauli na kodi ya mwaka ya nyumba ya familia yake. Jambia liko kwangu Jeddah, haliuzwi. Kisu cha kukunja alikichukua yeye. Alikibadilisha springi, na sasa anakatia maembe. Daftari nimelipiga picha ukurasa kwa ukurasa, pamoja na zile za mwisho, na kila mwenye damu ya babu akiziomba nitampa.